Mgeni njoo, mwenyeji yupi apone?

Swali: *Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mweka hazina wa chama kidogo cha Waswahili hapa Scarborough, Toronto. Wengi wetu ni wa Mombasa, Tanga na Unguja, na siku hizi wamejiunga Wakongo na Warundi kadhaa. Kila mwaka tunaona Caribana, karnivali ya watu wa visiwa vya Karibi, inavyoujaza mji: hoteli hazipatikani, na magari yenye namba za New York yamepangana hadi mtaani kwetu. Sasa mwenyekiti wetu anataka tuwe na tamasha letu kila tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, na gwaride la barabarani juu yake. Anasema watu wakija, serikali na mabenki watatufuata wenyewe, chama kitatajirika. Daftari nitashika mimi. Je, Wakaribi walifanikiwa hivyo? Na pesa zote zile zinaenda wapi?*

Jibu: Marahaba, dada yangu. Nianze na swali lako la mwisho, maana ndilo la mweka hazina. Pesa za Caribana zinakwenda kwa mwenye kitanda, mwenye chakula, mwenye petroli na mwenye kodi. Mwenye ngoma hubaki na bili. Tamasha hili limeanza mwaka 1967, na mwaka ukiwa mzuri linakusanya watu zaidi ya milioni moja. Pamoja na hayo, walioliandaa wamewahi kuzama kwenye madeni, kunyimwa ruzuku na kufikishana mahakamani. Kwa hiyo mwenyekiti wako amepatia nusu: watu wanaweza kuja. Hilo la kutajirika ndilo ulitie kalamu nyekundu.

Tuanze na hao watu wenyewe, kwa sababu wengi wanadhani wanavutwa na matangazo.

Mwaka 1955 serikali ya Kanada ilianza mpango wa kuleta wanawake kutoka visiwa vya Karibi kufanya kazi za nyumbani. Mwaka ule wa kwanza walikuja 100, 75 kutoka Jamaika na 25 kutoka Barbados. Sharti lilikuwa wawe hawajaolewa, watumike mwaka mmoja majumbani mwa watu, ndipo wapewe ukazi. Wapo waliokuwa walimu na makarani kwao, wakaja kusugua sakafu za watu ili mradi mlango ufunguke. Mlango ukafunguka kweli. Mwaka 1967 Kanada ilibadili kanuni zake za uhamiaji ikaanza kupima watu kwa alama za elimu, ujuzi na lugha badala ya nchi wanakotoka, na ndugu, wachumba na wapwa wakaanza kufuata. Mwaka huohuo Kanada ilikuwa inatimiza miaka 100, na kila jamii ilialikwa ilete zawadi yake kwenye sherehe. Wakaribi wa Toronto walileta karnivali. Ilipita Yonge Street mwezi wa Agosti, watu wakavuka kwa feri kuendelea kwenye visiwa vya Toronto. Ilikusudiwa iwe ya mara moja tu.

Nakutajia historia hii kwa sababu ndani yake ndimo ilimo siri ya wageni. Mgeni wa kwanza wa Caribana ni mpwa wa mtu. Familia moja ya Trinidad au Grenada imetawanyika Port of Spain, Brooklyn, London, Miami na Toronto, na wanahitaji wikendi moja ya kuonana. Toronto inafikika kwa gari kutoka Buffalo, Detroit na New York, na wengi wanalala kwa shangazi, kwenye godoro la sebuleni. Watalii wa kawaida, wale wenye kamera shingoni, walifuata baadaye, baada ya kusikia kwamba kuna watu wanafurahi mahali fulani.

Na mji wenyewe umewafaa. Sensa ya 2021 iliikuta Toronto ina watu wapatao milioni 2.79, na asilimia 46.6 kati yao ni wahamiaji. Ni mji ambao karibu kila mtu ana jamaa nje wa kumwalika. Mitaa kama Eglinton West, inayoitwa Little Jamaica, ilikuwa na saluni, maduka ya sahani za muziki na migahawa kabla hajatokea afisa yeyote wa utalii kuipigia debe. Ladha zenyewe zimepiganiwa. Mwaka 1985 wakaguzi wa serikali kuu waliwaambia wauza patty wa Toronto kwamba hawaruhusiwi kuiita ile sambusa yao ya nyama ya ng'ombe kwa jina hilo, kwa kuwa kisheria jina lile ni la chapati ya nyama ya kwenye baga. Ugomvi ukafika magazetini na kwa mabalozi, mwisho serikali ikaregeza kamba. Leo patty inauzwa hadi kwenye vituo vya treni za chini ya ardhi, na waliosimama foleni wanatoka kila bara.

Kisha kuna kalenda, na hapa Wakaribi wamekuwa wajanja kuliko wanavyosifiwa. Karnivali ya Trinidad imefungwa na Kwaresima, kwa hiyo inaangukia Februari au Machi. Kwa Toronto huo ni mwezi wa theluji, na mavazi ya karnivali hayavaliwi na koti. Wakaichukua wikendi ya mwanzo wa Agosti, ambayo Jumatatu yake ni mapumziko. Tarehe yenyewe ina maana yake: tarehe 1 Agosti 1834 sheria ya kukomesha utumwa ilianza kufanya kazi katika makoloni ya Uingereza, na Bunge la Kanada limeitambua rasmi siku hiyo tangu 2021. Hata jina la lile pumziko la Jumatatu hapo Toronto linamkumbuka Simcoe, gavana aliyesimamia sheria ya 1793 ya kubana utumwa katika Upper Canada, yaani sehemu ya Ontario ya leo. Sijui kama wanaocheza barabarani wanamkumbuka.

Ukiangalia miji mingine utaona msururu. Barbados inafunga tamasha lake la Crop Over Jumatatu ya kwanza ya Agosti. London inafuata na karnivali ya Notting Hill mwishoni mwa Agosti. Brooklyn inashika Jumatatu ya kwanza ya Septemba, Miami Oktoba. Madijei, waimbaji wa soca, muziki wenyewe wa karnivali, na washonaji wa mavazi wanahama na msururu huo kama wavuvi wanaofuata msimu. Toronto haivuti watu peke yake, imepanga foleni na wenzake. Jambo hilo lina umuhimu kwenu, nitalirudia nikifika kwenye tarehe 7 Julai.

Sasa twende mahali ambapo karnivali inatengenezwa. Watu wengi wanaijua Caribana ya siku moja, Jumamosi ya gwaride kuu, pale Exhibition Place na kando ya ziwa kwenye Lake Shore Boulevard. Ukitaka kuielewa, usisafiri mbali. Nenda hapohapo Scarborough, kwenye maghala ya viwanda, usiku wa Juni au Julai, ukaitafute kambi ya mas. Mas ndivyo Watrinidadi wanavyouita mchezo wenyewe wa kuvaa na kutembea.

Utakuta mlango wa shata umepandishwa nusu, feni kubwa inasukuma joto nje, meza ndefu zimetandikwa karatasi. Mama mtu mzima ametoka zamu hospitalini, hajavua hata viatu vya kazi. Mbele yake pana sanduku la manyoya ya rangi ya chungwa. Anachukua unyoya mmoja, anauzungushia waya mwembamba kwenye shina, anatia tone la gundi ya moto, anaupachika kwenye kilemba, anaushikilia mpaka ile gundi ipoteze ung'avu wake ipoe. Halafu wa pili. Kilemba kimoja kinameza manyoya mengi, na sehemu moja ya bendi inaweza kuwa na wavaaji mia. Ncha za vidole zake zimekuwa ngumu kwa kuungua. Pembeni kijana anakunja waya mnene kwa koleo kutengeneza mbawa, na mzee mmoja anamkosoa kila baada ya dakika mbili. Kuna sufuria la pelau kwenye kona, na soca haizimwi. Ukiuliza nani analipwa hapa, watacheka.

Usiifikirie bendi ya mas kuwa ni kundi la muziki. Kwa sisi watu wa pwani, mfano wa karibu ni chama cha ngoma ya beni cha zamani, enzi za mahasimu Marini na Arinoti: watu wana vyeo, wana sare, wana wapinzani wa kudumu, na mwaka mzima wanapika njama ya kumfunika mwenzao siku ya kutoka. Bendi ina mada yake ya mwaka, ina sehemu zake kila moja na rangi yake, ina lori lake la muziki, na ina Mfalme na Malkia wake. Hao wawili wanashindanishwa siku chache kabla ya gwaride. Vazi la Mfalme ni jengo zima: fremu ya alumini au nyuzi za kioo, kitambaa, manyoya, taa, vyote vimefungwa kwenye mkanda wa mabega ya mtu mmoja, na vigurudumu vidogo nyuma vya kupunguza uzito. Upepo wa Ziwa Ontario ukilidaka kwa ubavu, yule mtu anapigana nalo kama tanga lililokatika kamba, na lazima aendelee kucheza kwa sababu waamuzi wanaangalia uchezaji vilevile. Nimeona gurudumu likinasa kwenye ufa wa lami na watu wazima wakashika vichwa.

Hapo kambini ndipo daftari lako linapoanza kazi. Katika mfumo mzima wa Caribana, mtu anayetaka kucheza analipa. Vazi la kawaida ni dola mia kadhaa, na la mstari wa mbele, lenye manyoya mengi, ni zaidi. Kwa bei hiyo anapata vazi, chakula na vinywaji vya siku ile, lori la muziki, walinzi wa pembeni na nafasi yake barabarani. Hiyo ndiyo pesa inayotoka moja kwa moja kwenye mfuko wa mshiriki kwenda kwa mtengenezaji. Mtazamaji aliyesimama kando ya barabara halipi kitu. Asiyelipa ni mamia ya maelfu, anayelipa ni maelfu tu.

Na hata hiyo ya kambini inavuja. Siku hizi mavazi mengi, sidiria za shanga na manyoya, yanaagizwa kutoka viwandani China, yanafika kwenye maboksi yakiwa tayari nusu au yote. Wenye bendi wana sababu zao: ni nafuu, na watu wa kujitolea wanazeeka. Ila mimi naona hasara yake ni kubwa kuliko hesabu inavyoonyesha. Yule mama wa zamu ya hospitali ndiye anayewapigia simu ndugu zake Brooklyn. Kambi ikiwa duka la kuchukulia boksi, hana tena sababu ya kupiga simu.

Haya, sasa fuata pesa za mgeni. Chukua binti wa kufikirika kutoka Brooklyn, anakuja na rafiki zake watatu. Wamejaza mafuta njiani. Wamechukua hoteli siku tatu, na bei ya wikendi hiyo si bei ya wiki iliyotangulia. Juu ya chumba kuna kodi ya mauzo ya Ontario, asilimia 13, ambayo 5 ni ya serikali kuu na 8 ni ya mkoa. Kuna pia kodi ya malazi ya jiji, iliyoanza 2018 kwa asilimia 4 na kupandishwa hadi 6 mwaka 2023. Usiku wanakwenda kwenye dansa la boti ziwani, tiketi wamenunua kwa promota wa binafsi. Asubuhi wanakula doubles, vile vyapati vya Trinidad vyenye dengu, mchana kuku wa jerk, jioni mgahawa wa Kiitaliano. Wananunua viatu. Jumamosi wanasimama Lake Shore Boulevard, wanapiga picha, wanafurahi sana, wanarudi kwao.

Mwandaaji wa gwaride amepata nini kutoka kwa wale wanne? Kama hawakununua viti vya ndani ya Exhibition Place, hajapata hata senti. Promota wa boti ametumia jina na wikendi ya watu bure. Mwenye hoteli vilevile. Serikali zote tatu zimekula kodi yao.

Mwaka 2009 kampuni ya Ipsos Reid ilikadiria kwamba tamasha liliuingizia uchumi wa Ontario takriban dola milioni 438 za Kanada. Tarakimu hii inatajwa kila mwaka, na mwenyekiti wako bila shaka ameisikia. Isome kwa makini: hayo ni matumizi ya watu katika mkoa mzima pamoja na mzunguko wake, hayamo kwenye akaunti ya mtu yeyote. Kazi yake ni moja, kumwonyesha waziri kwamba ruzuku anayotoa ni ndogo kuliko kodi anayovuna. Kwa kazi hiyo ni silaha nzuri. Kwenye bajeti ya chama usiipe hata mstari mmoja.

Upande wa matumizi sasa. Kufunga barabara Toronto maana yake ni polisi wa kulipwa na mwandaaji mwenyewe kwa saa, uzio wa chuma, vyoo vya kukodi, bima, watu wa huduma ya kwanza, usafi wa barabara, na mpango wa usalama wenye saini za ofisi nyingi. Uzio pale ziwani ni hadithi peke yake. Gwaride lilihamishwa kutoka University Avenue, katikati ya mji, likapelekwa kando ya ziwa mwaka 1991, na tangu hapo kuna vita vya kila mwaka kati ya walinzi na vijana wanaoruka uzio kuingia katikati ya wavaaji. Aliyelipa dola mia kadhaa hataki kusukumwa na asiyelipa, na asiyelipa anasema karnivali ni mali ya mtaa tangu enzi za babu yake. Wote wawili wana hoja. Matokeo yake ni uzio mrefu zaidi, walinzi zaidi, na bili nene zaidi.

Mnamo 2006 jiji lilikata ruzuku kwa kamati iliyokuwa ikiendesha tamasha, kwa sababu haikuwasilisha hesabu zilizokaguliwa. Uendeshaji ukapewa kamati mpya. Lakini jina lilibaki kwa upande wa zamani, na mwaka 2011 mahakama ya Ontario ikawapa haki yao. Ndiyo maana kwa miaka hii yote mabango yanasema Toronto Caribbean Carnival, na mdhamini mkubwa wa wakati ule, benki ya Scotiabank, ilibidi abadilishe jina la tamasha lililokuwa limebeba jina lake. Watu mtaani hawakujali, wanaendelea kusema Caribana. Kwako wewe kuna mambo mawili tu ya kuchukua hapo: jina lisajiliwe na chama, si na mtu mmoja, na hesabu zikaguliwe hata kama mmeuza maandazi peke yake.

Usidhani ni ugonjwa wa Toronto. Sauti za Busara kule Unguja, tamasha linalofanyika kila Februari tangu 2004, linajaza nyumba za wageni za Mji Mkongwe, na bado mwaka 2016 halikufanyika kwa kukosa fedha. Mwaka kama huo ndipo mwenye vyumba anapoweza kujua nani alikuwa akimletea wageni. Waswahili tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika biashara ya matamasha lazima uulize mwenyeji yupi.

Sasa kwenu Scarborough.

Gwaride la barabarani liacheni. Sisemi milele, nasema msianze nalo. Mtalipia polisi na uzio kabla hamjauza kikombe cha chai. Albert Campbell Square, pale Scarborough Civic Centre, ni uwanja wa umma uliozoea shughuli za jamii, na basi linafika mlangoni. Mkitaka ukumbi wa ndani wenye hadhi kwa usiku wa taarab, ongeeni na Aga Khan Museum pale Wynford Drive. Msione haya kwenda. Toronto ina Waismaili na Wagoa wengi waliozaliwa Dar es Salaam, Mombasa na Kampala, wakiwemo waliofika baada ya Amin kuwafukuza Waasia wa Uganda mwaka 1972. Wazee wao wengi wanazungumza Kiswahili, na sidhani kama mmewahi kuwapigia simu ya maana. Hao ndio wageni wenu wa kwanza, pamoja na Wakongo wa Bukavu na Goma, na Warundi. Mkiweka meza ya watu wa Mombasa na Unguja peke yao, mtabaki mkitazamana.

Tarehe 7 Julai ni siku nzuri, UNESCO imeitangaza mwaka 2021 na dunia inaijua. Tatizo lake ni jirani. Afrofest, tamasha la bure la muziki wa Afrika lililoanza 1989, hufanyika Woodbine Park mwanzoni mwa Julai. Mkishindana nalo mtakuwa mnagawana watu walewale, mafundi wa sauti walewale na wauza mishikaki walewale. Fanyeni kama Wakaribi walivyojipanga na kalenda yao. Ombeni saa mbili za jukwaa au hema la Kiswahili ndani ya Afrofest, kisha shughuli yenu iwe siku moja kabla au baada, ili aliyetoka Ottawa au Buffalo apate sababu mbili za safari moja. Na Afrofest nao wanahitaji marafiki. Mwaka 2016 jiji lilitaka kuwapunguzia siku mbili ziwe moja kwa malalamiko ya kelele, na kilichowaokoa ni watu kupiga kelele zaidi.

Mapato. Hapa nisikilize vizuri. Caribana ingekufa zamani kama isingekuwa vazi. Mtu anaagiza mapema, analipa amana, mwandaaji anajua idadi kabla ya siku. Nyinyi mna kitu hichohicho tangu bibi zenu, na hakihitaji manyoya: sare ya leso. Kila mwaka chama kitoe leso yake, rangi yake na jina lake jipya, ichapishwe kwa idadi ya walioagiza na kulipa nusu, isiuzwe tena baada ya hapo. Maduka ya Biashara Street Mombasa yanaijua kazi hii kuliko mnavyoijua nyinyi. Atakayevaa leso ya mwaka ndiye anayeingia kwenye lelemama, kwenye chakula, kwenye ile picha ya pamoja ambayo kila mtu ataituma kwao. Asiyevaa atazame, karibu sana, bure. Na wanaume msiwasahau, kitambaa hichohicho kinatoa shati.

Shindanisheni vikundi. Watu wa Tanga wavae yao, Wakongo yao, vijana waliozaliwa hapa yao, na mashairi ya kupigana vijembe kwa adabu. Asiye na upinzani haaliki ndugu kuja kumshangilia, na ndugu wa kushangilia ndio wageni wenyewe.

Wauza chakula watoze ada ya meza, na muwaambie mapema kwamba Toronto Public Health inataka maombi ya kila muuzaji kabla ya siku. Urojo utawataka maelezo marefu kwa mkaguzi, jiandaeni. Yeyote atakayetaka kufanya dansa la usiku kwa jina la siku yenu aandikiane nanyi mkataba na alipe kitu, hata kama ni kidogo. Hilo Wakaribi walichelewa kulifanya, na maboti yalishaondoka gatini.

Ruzuku ombeni, lakini zihesabuni kama mvua ya vuli, ikija vizuri. Mara nyingi jibu linafika wakati amana za ukumbi zimeshapita, na fedha zenyewe baada ya hapo. Bajeti isimame kwa leso na meza peke yake. Ruzuku ikiingia, mlipe mpiga kinanda na mafundi wa sauti vizuri zaidi, mwaka unaofuata watarudi bila kubembelezwa. Benki nayo itauliza mlikuwa watu wangapi, na msiwape makisio ya mwenyekiti. Wape idadi ya doti zilizolipiwa, na miji walikotoka walionunua. Orodha hiyo ndiyo itakayowatofautisha na kila kikundi kingine kinachosema maelfu walikuja.

Kwa hiyo kabla mwenyekiti hajachapisha bango, mpe sharti moja. Oda zifunguliwe Januari. Ikifika mwisho wa Machi doti 150 hazijalipiwa amana, mwaka huu mfanye chakula cha mchana ukumbini na muwarudishie watu pesa zao.